Mkebe wa Mama Riziki

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Na wewe wacha kumfinya mwenzio. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na meli!

Basi, palikuwa na meli kubwa nyeupe iliyotembeza watu visiwani. Abiria hawakuwa na kazi. Walikula, wakalala, wakatazama maji, wakala tena. Chini jikoni alikuwako mpishi wa chapati, Mwatime, na binti yake Riziki wa miaka saba. Mwaka mzima Mwatime alikanda unga, akakanda unga, akakanda unga. Visiwa alivijua kwa harufu tu, kupitia kidirisha cha jikoni.

Siku moja meli ikatia nanga mbele ya kisiwa kisicho na baridi wala joto kali, kilichojaa michungwa hadi ukingoni mwa maji. Nahodha akasema, "Leo shukeni wote, hata wa jikoni. Honi ya kwanza, geukeni mrudi. Ya pili, kimbieni. Ya tatu, simngojei mtu."

Mwatime akatia chapati tatu zilizobaki katika mkebe wa bati, wakashuka.

Kisiwa kilikuwa kizuri, hilo sifichi. Riziki akafukuza kaa mchangani, akanywa maji ya chemchemi kwa viganja. Lakini kiatu kikamwuma Mwatime, akaketi kukivua.

"We wa jikoni, usitucheleweshe!" akafoka Bwana Shekue, abiria mwenye tumbo, yule aliyelalamika kila asubuhi kuwa chapati ni ngumu.

"Tangulieni," akasema Mwatime.

"Mama, niende nao?"

"Nenda. Ukipewa kitu useme asante."

Basi wakatangulia, abiria kumi na Riziki wa kumi na moja. Mwisho wa njia wakakuta nyumba, na uani Zimwi refu kama mlingoti, lina mdomo mbele na mdomo mwingine kisogoni. Lilikuwa linampiga teke jogoo wake mwembamba.

"Karibuni, karibuni, karibuni!"

Wakavua viatu, wakaketi uani. Likampa kila mtu bakuli la machungwa yaliyomenywa. Wakala, wakalamba vidole, wakashukuru, wakarudisha mabakuli. Zimwi likaimba kwa midomo yote miwili:

*Bakuli langu, limerudi na nini?*
*Limerudi tupu! Mrudishaji, ingia ndani!*

Papo hapo wakanywea, wakawa wadogo kama kunde, wakadondokea katika mabakuli. Likawamimina mkobani. Riziki naye.

Vuuu! Honi ya kwanza.

Mwatime akafika akichechemea. Akaona viatu jozi kumi na moja. Jozi ndogo kuliko zote ilikuwa ndala za Riziki.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, niko huku!" Sauti nyembamba kama ya mbu ikatoka mkobani.

Mwatime hakulia. Kulia kunakula muda. Akaliuliza Zimwi, "Amekukosea nini?"

"Amenirudishia bakuli tupu," likasema Zimwi. "Sheria ya kisiwa hiki, chombo kikirudi kitupu humeza aliyekirudisha. Sheria haichagui mtu. Jua likizama nitawala kwa chumvi. Hebu nawe kula, mama, umechoka."

Likampa bakuli. Mwatime alikuwa na njaa, akala. Kisha akafungua mkebe, akatoa chapati moja, akaiweka katika bakuli, akalirudisha.

*Bakuli langu, limerudi na nini?*
*Limerudi...*

Zimwi likakwama. "Nini hii?"

"Chapati. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hukufunzwa na mama yako?"

Mdomo wa mbele ukaila yote. Mdomo wa kisogoni ukalia, "Na mimi je?"

"Zimo nyingine," akasema Mwatime, akalikabidhi mkebe wenyewe. Zimwi likala ya pili, likala ya tatu, likalamba mkebe ukang'aa.

Vuuu! Honi ya pili.

"Haya, jirani," akasema Mwatime. "Nirudishie chombo changu."

Zimwi likatazama ndani ya mkebe. Jasho likalitoka. Michungwa ilikuwa pale pale, lakini bahili ni bahili: likatia jiwe.

"Jiwe haliliwi," akasema Mwatime. Zimwi likanywea, likawa kimo cha mbuzi.

"Nirudishie chombo changu."

Sasa likarukia chungwa. Halikulifikia. Likaokota jani kavu.

"Hilo ni la kufagia." Likanywea tena, likawa kimo cha jogoo.

"Nirudishie chombo changu!"

Halikuwa na kingine ila mkoba. Likaumimina wote katika mkebe. Lakini bati la Mwatime halikuwadai kitu, si wao waliolirudisha tupu. Watu walipoligusa, uchawi ukawatoka. Riziki akaruka nje akakua, Bwana Shekue akaruka nje akakua, wote wakaruka wakakua.

"Chukua chombo chako uende!" likapiga kelele Zimwi, likamsukumia mkebe bila kutazama.

Mwatime akatazama. Akaimba:

*Mkebe wangu, umerudi na nini?*
*Umerudi mtupu! Mrudishaji, ingia ndani!*

Zimwi likawa kama kunde, tii, ndani ya mkebe.

"Tuutupe baharini!" akasema Bwana Shekue.

"Mkebe mzima huu? Thubutu!" Mwatime akaukung'uta uani. Jogoo akageuza kichwa, akatazama kwa jicho moja, akadonoa. Kwisha habari.

Wakakimbia, wengine viatu mkononi. Vuuu! Honi ya tatu ikawakuta ngazini, Riziki mbele, Mwatime nyuma akiwahesabu, na abiria wakipiga vigelegele hata nahodha akatoka nje kuuliza kuna nini.

Jioni ile sahani zilirudi jikoni, na hakuna hata moja iliyorudi tupu. Moja ina chungwa, moja ina ua, moja ina kipande cha samaki. Bwana Shekue alileta yake mwenyewe.

"Mama Riziki, chapati za leo laini."

"Ni zile zile," akasema Mwatime. "Na maji ya kuoshea yako pale."

Bwana Shekue akakunja mikono ya shati, akaosha sahani zote.

Hadithi yangu imeishia hapo, kama uji ulivyoishia sufuriani. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Na kama huna cha kutia, kirudishe kimeoshwa. Haya, mabakuli hayo, inukeni.