Mayai ya Lushoto na Gari Jekundu la Bi Semboja

Haya, kaeni vizuri, na kila mtu ashike akili yake mkononi, maana nikishafika mwisho mimi nanyamaza na kazi inabaki kwenu.

Walikuwapo mafundi watatu katika gereji moja mjini Korogwe, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Hizza alikuwa na mikono. Mpe shokapu ya gari, ile ya kumeza mitikisiko, iliyokufa na inayovuja mafuta na kugonga kwenye kila shimo, ataifungua, ataisafisha, ataitia mafuta mapya, na itarudi kazini kama imetoka dukani. Mhina alikuwa na jicho. Husimama mbele ya gari, akafumba jicho moja, akakwambia gurudumu la kulia limelala kuliko la kushoto. Ukipima, ni kweli. Kilua, binti wa dereva wa lori, yeye alikuwa na mgongo. Akikaa kwenye usukani, mgongo wake humwambia gari linataka kufanya nini kabla halijafanya.

Na mwenye gari? Huyo ni Bi Semboja wa Lushoto, mfanyabiashara wa mbao, mama mtu mzima mwenye wajukuu. Siku moja aliwaacha watoto wake midomo wazi kwa kununua gari la michezo, jekundu, la milango miwili, limekaa chini kama paka anayewinda.

"Nimehangaika na magogo ujana wangu wote," aliwaambia. "Sasa nataka kitu chepesi."

Basi ikatangazwa habari iliyoitikisa Korogwe nzima. Chama cha wapenda magari kilikuwa kinaandaa mashindano ya namna yake. Kila gari litateremka kutoka Lushoto hadi kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa shamba la mkonge, huku limebeba trei ya mayai kwenye kiti cha abiria. Huko barabarani hakuna kukimbizana. Kinachotazamwa ni utulivu. Likifika uwanjani, hapo sasa ni mbio, mizunguko mitatu, na kila yai lililovunjika njiani linakuongezea sekunde kwenye muda wako. Kubadilisha kifaa siku hiyo hakuruhusiwi. Kukaza na kulegeza kwa mkono, ruksa.

Zawadi? Mtu mmoja wa timu itakayoshinda, atakayetajwa na mwenye gari, atapelekwa Afrika Kusini mwaka mzima kujifunza kazi katika timu ya magari ya mbio. Mmoja tu.

Bi Semboja akaliandikisha gari lake na mafundi hao watatu kuwa timu yake, na usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Hizza alitaka kujifunza kutengeneza shokapu zake mwenyewe, kuanzia chuma kitupu. Mhina alitamani kuona vile vipimo vya taa vya kupangia magurudumu ambavyo alikuwa akiviona kwenye simu tu. Kilua alitaka kuendesha. Basi, kuendesha tu, mahali ambapo hakuna atakayemwona msichana kwenye usukani akamuuliza baba yake yuko wapi.

Shida ni kwamba gari lilikuwa limechoka miguu. Kwenye kona liliinama mpaka abiria anashika mlango. Mafundi wakaanza kwa kufanya kile ambacho wengi hufanya: wakatafuta springi ngumu kuliko zote, wakafunga. Kilua akalipeleka uwanjani, akarudi anacheka kwa furaha. "Linakata kona kama wembe!"

Kisha Bi Semboja akalipanda mpaka sokoni. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Wanangu, kila kokoto nimeihesabu kwa kiuno changu. Hili gari ni la uwanjani tu? Mimi nitalipanda wapi?"

Wakaanza upya.

Hizza akachagua springi za wastani, halafu akazifungua shokapu zote nne, kila moja akaiwekea kirungu kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Ukizungusha kushoto, shokapu inalainika na gari linaelea juu ya mashimo. Kulia, inakaza na gari linatulia kwenye kona.

Mhina akalishusha gari upana wa vidole viwili, akaweka nyuma stabilaiza nene zaidi, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala upande mmoja. Kisha akayapanga magurudumu kwa uzi na futi, akilala kifudifudi sakafuni na shavu lake likigusa saruji.

Kilua akaendesha, akarudi. "Nyuma inateleza mapema." Wakarekebisha. Akaendesha, akarudi. "Mbele pazito." Wakarekebisha tena. Hata wao walimchoka, lakini kila aliposema kitu, kilikuwa hivyo hivyo. Mpaka jioni moja akashuka, akafunga mlango polepole, akasema, "Msiliguse tena."

Siku ikafika. Lushoto asubuhi ilikuwa na ukungu na umati. Bi Semboja alikuja na kitenge kipya, akaiweka trei ya mayai kitini kwa mikono yake na kuifunga mkanda kama mtoto. Kilua akashika usukani, Hizza na Mhina wakafuata nyuma kwa pikipiki.

Wakateremka mlima ule wenye kona zisizoisha. Vijana wa Tanga mjini walikuwa mbele na gari jeupe, gumu kama meza. Kila likigonga tuta, mayai yao yalikuwa yanaaga dunia. Lakini gari jekundu, shokapu zake zikiwa zimelainishwa, likapita juu ya mabaka ya lami kama mtu anayetembea kwa soksi.

Karibu na Mombo kulikuwa na tuta kubwa lisilo na alama. Kilua alipoliona, lilikuwa limeshafika. Gari lilikuwa chini, kwa vile vidole viwili vya Mhina, na kila aliyekuwa nyuma alifumba macho akisubiri mlio wa chuma kwenye lami. Haukuja. Hizza, bila kumwambia mtu, alikuwa ameweka ndani ya kila shokapu mpira mnene wa kupokea pigo la mwisho. Gari likazama, likagusa mpira, likainuka taratibu. Mayai yote mazima!

"Hizza!" Mhina alipiga kelele juu ya pikipiki. "Umeniokoa, ndugu yangu!"

Furaha haikudumu. Walipokuwa karibu kufika uwanjani, mbuzi alikatiza barabara. Kilua angeweza kukanyaga breki kwa nguvu, mayai yakaenda. Akachagua kukwepa, na gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro. Mbuzi alipona na mayai yakapona, lakini gari lilipotoka mtaroni lilikuwa linavuta kushoto, usukani umepinda.

Wakafika uwanjani. Kilua akashuka, akaliinamia gurudumu. "Nimeliharibu."

"Hakuna kilichovunjika," alisema Mhina, tayari amelala chini. "Limepotea njia tu. Nipeni uzi."

Magari mengine yalikuwa yanapanga mstari. Msimamizi alikuwa anatazama saa yake. Mhina alivuta uzi, akafumba jicho, akalegeza nati, akasukuma, akakaza, akafumba jicho tena. Kipenga cha kuitwa kilipopulizwa, alikuwa anatoka chini ya gari akiwa na mchanga mpaka kwenye kope. Kilua akalisogeza gari hatua chache, akaachia usukani. Likaenda limenyooka!

Hizza akazungusha virungu kulia ili kukaza shokapu kwa ajili ya mbio. Cha kwanza kikazunguka. Cha pili, cha tatu. Cha nne, nyuma kulia, kikakataa. Vumbi la mlimani lilikuwa limeingia. Akajaribu mpaka vidole vikatoka damu.

"Ilifaa nikifunike," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua, nikasahau."

Kilua akamtazama, akatazama gari. "Legeza na kile cha kushoto nyuma. Mbele acha ngumu."

"Kila kona litataka kwenda moja kwa moja!" alisema Hizza.

"Najua. Nitaliomba ligeuke mapema."

Akaingia. Mzunguko wa kwanza gari lilikuwa zito kugeuka, watu wakaguna. Mzunguko wa pili akaanza kuachia pedali ya mafuta mapema kabla ya kona, uzito unakuja mbele, tairi za mbele zinashika, kisha anakanyaga tena. Mzunguko wa tatu, jamani, uwanja mzima ulisimama! Gari lilikuwa linaingia kwenye kona kama limeitwa kwa jina lake. Bi Semboja alikuwa amevua viatu, anaruka.

Gari jeupe la vijana lilikuwa na muda mzuri kuliko wote, lakini mayai yao yalipohesabiwa, yakawarudisha chini. Gari jeusi la mfamasia mmoja lilifika na mayai yote, lakini uwanjani lilipepesuka. Msimamizi akajumlisha, akarudia, akainua kipaza sauti. Gari jekundu limeshinda, kwa tofauti ndogo kuliko mtu kupepesa jicho!

Wakakumbatiana, wakalia, wakamwagiana maji. Kisha kipaza sauti kikaletwa kwa Bi Semboja. "Mama, tutajie jina."

Akawageukia mafundi wake.

"Semeni wenyewe kwanza," alisema Bi Semboja. "Na msiogope, sitaki adabu hapa."

Hizza akasema, "Bila mikono yangu, gari lingepasua tumbo pale kwenye tuta, na vidole viwili vile Mhina ndiye aliyevitaka. Uwanjani tusingefika."

Mhina akasema, "Bila jicho langu, gari lingeingia uwanjani linavuta kushoto, na aliyelitia mtaroni ni Kilua. Mbio zisingekuwapo."

Kilua akasema, "Bila mgongo wangu, gari lenye kirungu kilichokwama lingebaki la mwisho, na aliyesahau kukifunika ni Hizza. Ushindi usingekuwapo."

Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja aliokoa, na kila mmoja aliokolewa. Bi Semboja aliwatazama mmoja mmoja, watoto hawa waliolitengenezea gari lake miguu mipya. Msimamizi akakohoa. Umati ukangoja. Nafasi ni moja, haikatwi vipande, na jina lisipotajwa kabla jua halijazama, nafasi inakwenda kwa timu ya pili.

Akakiinua kipaza sauti hadi mdomoni.

Na mimi nakiweka mbele yako wewe uliyekaa hapo kimya. Bi Semboja ni wewe, na jua ndilo hilo linashuka. Mikono, jicho, au mgongo: unataja jina la nani, na hao wawili watakaobaki utawaambia nini?