Mkasi wa Mhariri Tuttle

Siku ile mpumbavu alikuwa Orrin Tuttle, na mwenyewe hakatai. Akiulizwa, hupangusa miwani, akacheka kicheko cha mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe, kisha akasimulia.

Mwaka ule wa 1874, Tuttle alikuwa mhariri na mpiga chapa wa gazeti pekee la Marlow Falls, lililotoka kila Alhamisi. Kuandika hakukuwa kazi yake. Kama wahariri wengi wa miji midogo ya Ohio, alibadilishana magazeti na wenzake wa mbali, akashika mkasi na gundi, akakata huku akabandika kule. Nafasi isipotosha, habari ilikatwa mkia. Hakuna aliyeuona huo kuwa wizi. Makala aliyoyapenda kupita yote yalitoka katika gazeti moja la Cleveland, yakiwa na saini ya "Mkulima wa Bondeni." Wasomaji wake waliyagombania kama kuku na mtama. Tuttle alimwona huyo Mkulima akilini mwake: mzee wa ndevu, kiko mdomoni, buti zina tope.

Basi alasiri moja ya Jumanne, kamati ya maktaba ilikutana ukumbini mwa kanisa kuamua kama Bi Lavinia Peck, mwanamke wa kwanza kushika funguo za maktaba ya mji, aendelee na kazi au ampishe Rufus, shemeji yake Tuttle. Bi Lavinia aliketi mstari wa mbele. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake kipofu.

"Mwanamke na ngazi ndefu vile!" Tuttle alianza, kifua mbele kama jogoo. "Siku akianguka na kamusi kifuani, tutamzika yeye au tutaizika kamusi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Msidhani ni maneno yangu. Mkulima wa Bondeni mwenyewe kasema!" Akafunua gazeti lake la wiki iliyopita, akasoma kwa sauti ya mhubiri: "'Maktaba yataka mwanamume. Yataka mkono wa kubeba, mguu wa kupanda, na kichwa kisichopoteza siku kwa porojo.'"

Makofi yakarindima. Rufus akaanza kunyoosha tai.

"Mbona umekomea hapo, Bwana Tuttle?" Bi Lavinia aliuliza.

"Ndiyo mwisho wake."

"Huo ni mwisho wa mkasi wako. Makala bado." Akasimama mikono mitupu, akaendelea: "'Hayo niliambiwa na wanaume watatu waliokuwa wakiota moto maktabani tangu asubuhi. Mwanamke aliyewapandia ngazi na kuwabebea vitabu hakutoa maoni yake, alikuwa kazini.'"

Mwenyekiti, Shemasi Crane, akaagiza gazeti la Cleveland liletwe kutoka maktabani. Lilipofika, aliifuata mistari kwa kidole, midomo ikicheza. Neno kwa neno!

"Binti, umeyakariri yote haya?"

"Sikuyakariri, Shemasi. Niliyaandika."

Mtu mmoja nyuma aliangusha kofia, asikumbuke kuiokota. Shemasi, ambaye ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa posta, alijipiga paji la uso.

"Ala! Kumbe ndizo zile bahasha nene za Cleveland kila Jumatatu! Nami nikamwapia mke wangu kwamba una mchumba huko!"

Ukumbi mzima ulicheka, ila Tuttle. Yeye alilitazama gazeti lililokuwa mkononi mwake. Miaka miwili gazeti lake limekula jasho la mwanamke huyuhuyu ambaye yeye Tuttle amesimama kumnyang'anya tonge! Kura zilipopigwa, mikono yote iliinuka upande wa Bi Lavinia. Hata wa Rufus ulikuwa juu.

Tuttle akamkimbilia mlangoni, jasho likimtiririka.

"Lakini umenificha, Bi Peck! Mtu mwungwana angeniambia. Na sasa Alhamisi ukurasa wangu wa kwanza ni mtupu, wenzangu wa Cleveland nao hawajaleta kitu. Huwezi kuniacha hivi! Yale ya ngazi yalikuwa utani tu, au siyo?"

Bi Lavinia alifunga utepe wa kofia yake taratibu, akamtazama.

"Leo ni Jumanne tu, Bwana Tuttle, na Alhamisi haijafika. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."