Mstari wa Jirani Kwenye Kitambaa cha Mifano

Zamani hizo, wajukuu zangu, kabla cherehani haijapandishwa ngazi za nyumba zetu, kofia ya mwanamume ilishonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, na mji mzima ulimjua mtu katoka nyumba gani kwa kumtazama kichwani tu. Nyumba hii ina maua yake, ile ina nyota zake. Msichana akifika miaka minane, tisa, mama yake alimkatia kipande cha bafta nyeupe, urefu wa mkono, akamwambia keti hapa. Mstari wa kwanza alitoboa vitundu vitupu na kuvizungushia uzi, vimepinda kama meno ya mtoto. Wa pili majani. Wa mwisho, mkono ukishatulia, nakshi ya nyumba yao. Hicho ndicho kitambaa cha mifano, na kila aliyeshona alikirudia kila alipopotewa na hesabu.

Lakini wakati ule hakikuonyeshwa mtu wa nje. Kilikaa chini kabisa ya kasha, na mgeni akibisha hodi mtu anakisoma, basi kinaingia chini ya mto upesi. Bibi yangu, aliyenisimulia haya huku akinisuka nywele, alisema mama yake alikuwa akikikalia cha kwake kama kuku na mayai.

Mtaani petu aliishi Mwana Shamsa. Nakshi ya nyumba yake iliitwa nyayo za kwale: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, ndege anatembea kuizunguka kofia hadi anakutana na mwanzo wake. Aliyepakana naye ukuta ni Bi Mize, shoga yake tangu utotoni, wakicheza kibe. Siku moja Mwana Shamsa aliifua kofia ya mumewe, akaipiga wanga, akaianika darini juu ya chungu kilichofudikizwa. Bi Mize alikuwa dari la pili anaanika nguo zake. Akaitazama, akaitazama tena, mwisho akaivuta kwa fimbo. Akakaa nayo kiasi cha birika la chai kuchemka, akahesabu vitundu, akairudisha juu ya chungu. Mwaka uliofuata mume wa Bi Mize alitoka msikitini Ijumaa na kwale kichwani.

Mwana Shamsa aliupigilia misumari mlango wa darini, akakaa miaka ishirini bila kumsemesha mwenziwe. Msibani mmoja aliketi penye mlango, mwingine penye jiko, na waliogawa chakula walizoea kuanza na wote wawili wakati mmoja, sahani hii mkono huu na ile mkono ule, isije ikasemwa nani alitangulizwa.

Miaka ikaenda. Mwana Shamsa alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alifariki akijifungua, akamwachia mtoto wa kiume, Athmani. Mume wa Mwana Shamsa naye akatangulia. Macho ya Mwana Shamsa mwenyewe yakaingia ukungu, akawa anatambua mchana na usiku na sura za watu kidogo. Athmani akaposa, nikaha ikawekwa baada ya mfungo, miezi minne mbele, na miezi minne ndiyo kiasi cha kofia moja nzuri. Kwetu bwana harusi huenda kwenye nikaha na nakshi ya nyumba ya mama yake. Ndivyo mama anavyomsindikiza, hata akiwa kaburini.

Basi Mwana Shamsa akafungua kasha atoe kitambaa chake, na kofia ya marehemu mumewe iliyokuwa ya mwisho yenye nakshi ile. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Akaingiza mikono akakuta udongo na nyuzi. Aliuchambua udongo ule asubuhi nzima kwa vidole, asipate hata unyayo mmoja.

Akajaribu kwa kichwa. Akamketisha msichana wa mtaani, akamtajia vitundu, lakini hesabu ilikuwa imemponyoka, na kilichotoka, alisema bibi yangu, kilikuwa kama kunguru aliyekanyagwa na punda. Siku zinakwenda. Athmani akamwambia atavaa kofia yoyote, asijitese.

"Utavaa yoyote," Mwana Shamsa akamjibu, "na itakuwa kama mama yako hakuwa na kwao."

Kesho yake baada ya alasiri alijitanda, akapapasa ukuta wa kwake ukaisha, ukaanza wa jirani. Akabisha. Bi Mize aliitambua sauti ile kabla haijamaliza hodi, na bibi yangu alisema hata paka alitoka kutazama kuna nini.

"Mize, mchwa wamekula kila kitu changu," akasema Mwana Shamsa. "Nakshi yangu imebaki kwako. Nimekuja kukuomba ulichoniibia."

Bi Mize alimshika mkono, akamketisha kitandani, akaenda kwenye kasha la ndani. Akarudi na kitambaa chake cha mifano, ambacho hata mwanawe mwenyewe alikiona kwa kuchungulia tu, akakilaza mapajani mwa mgeni. Mwana Shamsa akapitisha kidole. Akapita maua, akapita majani, akafika kwa kwale. Akasimama. Akarudia kutoka mwanzo, kisha mabega yakaanza kutikisika, na Bi Mize akadhani analia.

"Mize wee, kwale wako wanakwenda kinyume. Wetu hutembea kulia."

Kumbe kofia ile ilianikwa imegeuzwa, ndani nje, kama zianikwavyo zote, na Bi Mize kwa haraka alihesabu upande wa ndani. Miaka ishirini wanaume wa nyumba yake walizunguka mji na ndege wanaorudi nyuma.

"Na wewe mjinga uliona kila Ijumaa ukanyamaza?" akauliza Bi Mize.

"Niliona. Ndiyo raha pekee uliyoniachia."

Wakacheka hata chai ikamwagika. Kisha kazi ikaanza. Bi Mize alikuwa na macho, Mwana Shamsa alikuwa na vidole. Mmoja anatoboa na kushona, mwenziwe anapapasa na kusema hapo sawa, hapo fumua. Athmani alikwenda kwenye nikaha na kwale wanaotembea kulia. Bi Mize alitaka kuufumua ule mstari wa wizi kwenye kitambaa chake, Mwana Shamsa akamkatalia. Badala yake akaomba sindano, na chini yake, kwa macho yale ya ukungu, akashona mstari wake mwenyewe, vitundu vimepotoka kama vya mtoto wa miaka minane.

Na tangu siku hiyo, mtaani petu msichana hamalizi kitambaa chake cha mifano mwenyewe. Huacha sehemu ya mwisho wazi, akakipeleka nyumba ya pili, na mama wa huko humshonea mstari wa nakshi yao. Nami nilipeleka changu nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimekikunja kwenye kanga ya mama. Jirani yetu aliacha unga kwenye sinia, akanawa mikono, akaketi mlangoni penye mwanga, akaniuliza nina uzi wa kutosha.