Mawe Mawili Mfukoni

Kila asubuhi Bibi Nakei huwamiminia wajukuu wake uji kwa utaratibu uleule: kwanza kikombe cha bluu cha Ntandu, kisha kikombe cha maua cha Eliwaza, mdogo wake. Asubuhi hiyo aliuliza kama kawaida, "Eliwaza, nikutilie sukari?"

"Hataki," Ntandu akajibu, mdomo umejaa uji. "Yeye hunywa hivyo hivyo."

Upawa ukasimama hewani.

"Jiwe huokotwa na aliyeliweka," Bibi akasema.

Ntandu aliinama kutazama chini ya kigoda chake. "Jiwe gani tena, Bibi? Si tunakunywa uji?"

Bibi akaurudisha upawa chunguni na kufunika. "Msemo huu haukuletwa na upepo. Ulizaliwa kule juu kilimani, kwenye mgodi wa kale, na ulianza hivi."

Zamani, wachimbaji walipokuwa wakiingia katika handaki lile kutafuta dhahabu, kila mmoja aliokota jiwe nje na kuliweka juu ya ukingo wa zege, pembeni mwa mlango. Akitoka jioni, analiokota na kulitupa. Nyapara hakuwa na haja ya kuita majina. Aliutazama ukingo. Kama kuna jiwe, kuna mtu ndani, na mlango haufungwi.

Mgodi ukafa, dhahabu ikaisha, wachimbaji wakatawanyika. Miaka mingi baadaye wakaanza kuja watalii. Kaka yangu Kitundu akapewa kazi ya kuwaongoza, nami nikawa nawauzia chai na maandazi upande wa pili wa kilima, karibu na mashine kuukuu ya kusagia mawe. Kitundu hakuiacha desturi ile. Kila mgeni aliweka jiwe lake. Wengine walicheka, lakini waliweka.

Siku moja likaja basi la wageni. Miongoni mwao alikuwamo kijana anayeitwa Gervas na mchumba wake, Yusta, mwalimu wa shule ya msingi. Gervas alikuwa mcheshi na mwenye moyo mzuri, ila alikuwa na mdomo wa watu wawili. Kitundu alipomuuliza Yusta anafundisha darasa la ngapi, Gervas akajibu, "La pili. Lakini anaacha, mzee wangu. Tukishafunga ndoa tunahamia Mwanza, atapumzika nyumbani. Amekubali."

Yusta aliangalia viatu vyake.

Wakaweka mawe, wakavaa kofia ngumu zenye taa, wakaingia. Ndani, nyuma ya kona, kulikuwa na kichumba ambacho wachimbaji walikichonga kwa sururu ili wapumzikie, na ukutani walichora majina yao. Yusta akabaki humo akiyasoma majina yale moja moja, akiyafuatisha kwa kidole. Wenzake wakageuka kutoka, naye hakusikia.

Gervas alitoka miongoni mwa wa kwanza. Akaokota jiwe lake. Akaliona na la Yusta, jeupe lenye mstari mwekundu, akalitia mfukoni pia. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani mchumba wake anakuja nyuma pamoja na kina mama wa basi lao, akaona amsaidie.

Kitundu alitoka mwisho. Akatazama ukingo. Ulikuwa mtupu. Akavuta mlango wa chuma, akafunga kufuli, akawaleta wageni kwangu.

Nikaanza kumimina chai. Nikamuuliza Gervas, "Na mwenzako, baba, anakunywa ya maziwa?"

"Ya rangi, bila sukari," akajibu bila kugeuka.

"Basi mwite, isipoe."

Hapo ndipo akageuka. Akatazama mashine, akatazama basi, akatazama nyuso za kina mama. "Yusta?" Hakuna aliyeitika.

Kitundu akaweka kikombe chini. "Jiwe lake nani ameliokota?"

Gervas akatia mkono mfukoni. Ulipotoka, ulikuwa na mawe mawili.

Wanangu, kaka yangu alikuwa na mguu mbovu, lakini siku ile alikipanda kilima kile mbele ya vijana wote. Nami nikafuata, chai nimeiacha inachemka. Tulipokaribia tukasikia gonga, gonga, kisha kimya. Mlango ulipofunguliwa, Yusta alikuwa ameketi chini akitweta, vidole vimechubuka kwa kugonga chuma, taa ya kofia yake imebaki kama kijinga kinachozimika. Nilimkumbatia nikamtoa nje.

"Pole sana, mwanangu," Kitundu akasema. "Uko salama?"

"Yuko salama, mzee," Gervas akadakia, machozi yakimlengalenga. "Ameshtuka tu. Wala hana kinyongo, namjua."

"Nimemuuliza yeye."

Kitundu akalichukua lile jiwe jeupe kutoka mkononi mwa Gervas, akalirudisha juu ya ukingo. "Mwalimu, kwangu mimi bado uko ndani mpaka uliokote. Jiwe huokotwa na aliyeliweka."

Yusta alisogea ukingoni taratibu. Akaliokota. Akalipangusa vumbi; alikuwa binti wa sauti ndogo, tukadhani ataondoka tu. Kisha akamgeukia mchumba wake.

"Gervas, kinyongo sina. Lakini sijakubali kuacha kazi."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilinyamaza, wewe ukasema nimekubali."

"Hukuwahi kuniambia, Yusta."

"Hukuwahi kuniuliza."

Watu wote waliangalia pembeni. Gervas akajipangusa uso kwa mkono uliojaa vumbi. "Basi nakuuliza sasa. Unataka nini?"

"Nataka kufundisha. Mwanza nako kuna watoto. Nitakwenda na wewe, nikipata shule huko kwanza." Akalitupa jiwe bondeni. "Hilo ndilo nilitaka kusema tangu siku ile ya kwanza uliposema tunahamia."

Bibi akaishia hapo. Ntandu, uji umeshamgandia kikombeni, akauliza, "Wakaoana?"

"Walioana. Siku moja walirudi kututembelea, wakaingia tena mgodini. Gervas alipotoka aliokota jiwe lake, akakaa chini kumsubiri mkewe atoke na kuokota lake. Na kuanzia hapo, kila mtu hapa kijijini akimsemea mwenzake, hata kwa wema, huambiwa: jiwe huokotwa na aliyeliweka."

Akafunua chungu, akachukua tena kile kikombe cha maua. "Haya, Eliwaza. Nikutilie sukari?"

Ntandu akafungua mdomo. Akaufunga.

Eliwaza alizungusha kijiko mkononi. "Nataka, Bibi," akasema polepole, kisha kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia: "Hata jana nilitaka!"