Kandambili ya Mwisho Mlangoni

Hapo zamani, si zamani sana, maana kandambili zilishakuwepo, palikuwa na zahanati ng'ambo ya mto. Kila mgonjwa aliingia akilia, "Kichwa!" Tabibu Sikudhani akaandika, akaandika, akagundua: huyu kichwa kinapasuka, yule mguu una ganzi, wa tatu mkono unapepeta mchele usiokuwepo. Kumbe wagonjwa wa mishipa ya fahamu ni tele! Akaomba daktari wao. Akaletewa, kwa siku moja tu.

Alfajiri watu wakapanga kandambili mlangoni. Ndiyo desturi yao: kandambili inapanga foleni, mwenyewe anakaa kivulini.

Mzee Shekue alikaa na mkewe, Bi Mwanahawa. Mwaka wa pili huo tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi. Zamani alimwita mkewe "Sukari ya Magendo", mbele za watu, hata msibani! Bi Mwanahawa alikuwa akinuna siku tatu. Sasa angetoa meno yake yote, yale manne, aitwe hivyo mara moja tu.

Jioni akaenda kumtafutia mzee uji. Huku nyuma pakaitwa, "Shekue! Shekue! Shekue yupo?" Alikuwepo. Akafungua kinywa, kimya. Akainua mkono, wakadhani anafukuza nzi. Akaingizwa mwingine.

Bi Mwanahawa aliporudi, daktari alikuwa mlangoni. "Mmoja tu. Pantoni ya mwisho ya kunivusha mto inaondoka."

Fundi Siwema, mshona nguo, kajifunga kitambaa kichwani, akasema, "Aliyepitwa kapitwa, mama. Kandambili inayofuata ni yangu. Kipandauso kikinishika naukimbia mwanga kama popo. Cherehani imeota kutu."

"Hakupitwa, mmempita!" Bi Mwanahawa akafoka. "Mlitaka aitike kwa mdomo uleule aliouleta utibiwe?"

"Na mimi je, shangazi?" akasema Tunu, binti mwenye kifafa, mkono una jeraha bichi la moto. "Nani alipita nyumba kwa nyumba kuwatoa waliofichwa, wakiitwa wenye mapepo? Wasingeandikwa na tabibu, daktari angekuja? Yangu ni ya mwisho kwa kuwa nilikuwa nawapangia nyinyi zenu. Na juzi nimeangukia jiko tena."

Pantoni ikapiga honi. Bi Mwanahawa akaitazama midomo ya mumewe. Ilijikusanya, kama inayotafuta neno tamu. Ikatoka pumzi tu.

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka: mlango ni mmoja, kandambili tatu. Je, nani alistahili kuingia?