Ponya Moja, Ndipo Uite Arobaini

"Ponya moja, ndipo uite arobaini." Mmemsikia fundi akisema hivyo leo, mkadhani amechanganya na ile ya siku za mwizi. Hakuchanganya. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo, maana wakati huo nilikuwa mtunza stoo katika shule moja ya wasioona.

Shule ilikuwa na kompyuta zinazosema. Mwanafunzi akibonyeza herufi, mashine inaitamka. Akifungua swali, inamsomea. Ijumaa moja Mwalimu Yoeli Msengi, aliyezitunza, alizipandisha zote kwenye toleo jipya la mfumo unaoziendesha. Mfumo ukawa mpya, lakini vifurushi vya programu ya sauti, yaani mafungu ya faili zake, vikabaki vya zamani, na viwili hivyo havikuelewana. Jumatatu tulipofungua chumba, kompyuta zote zilikuwa bubu. Mtihani wa mwisho ulikuwa kesho yake, saa mbili asubuhi.

Mwalimu alianza kuzitengeneza kwa mkono. Kufikia adhuhuri alikuwa amemaliza tatu tu, shati limemganda mgongoni. Zilibaki arobaini.

"Kwa mwendo huu hatufiki," aliniambia.

Akaketi kuandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe: ondoa kifurushi cha zamani, weka kipya, washa sauti. Angeituma, alisema, kwa zote kwa pamoja kupitia mtandao wa shule.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe Nyamizi aliposema. Alikuwa mtahiniwa, binti wa miaka kumi na tisa, aliyekaa pale tangu asubuhi akisubiri mashine yake.

"Samahani, Mwalimu. Umeshaijaribu?"

"Nimeisoma mara mbili, Nyamizi. Iko sawa."

"Basi anza na yangu peke yake."

"Na ikiharibika? Wewe una mtihani kesho."

"Ikiharibika yangu, nitakwama peke yangu. Zikiharibika zote, tutakwama arobaini."

Mwalimu akaituma kwa mashine ile moja.

Nyamizi akabonyeza herufi. Kimya. Akabonyeza tena. "Sasa hata kibodi imekufa," alisema Mwalimu, maana kwenye skrini hakukutokea herufi.

Kumbe kifurushi cha zamani kilipoondolewa kiliondoka na vingine vilivyokitegemea. Mwalimu alizitazama zile thelathini na tisa, akahema kama mtu aliyekoswakoswa na gari. Akageuza mpangilio wa amri: kipya kiingie kwanza, cha zamani kitoke baadaye. Mashine ya Nyamizi akairudisha kwa mkono ilivyokuwa, akaituma skripti upya.

"Karibu," ikasema kompyuta.

Nyamizi alicheka hadi akajifunika uso. "Haya, Mwalimu, ziite na nyingine."

Akabonyeza. Baada ya dakika chache chumba kizima kilikuwa kikisema karibu, karibu, karibu, nyingine zikiwahi, nyingine zikichelewa, kama darasa la kwanza likimsalimu mgeni. Wanafunzi waliokuwa uani wakaja wameshikana mabega, wakipiga vigelegele.

Kesho yake saa mbili hakukuwa na kiti kitupu. Na tangu hapo, pale shuleni, yeyote aliyekuwa na haraka ya kurekebisha jambo la wengi, awe mpishi, awe mwalimu mkuu, aliambiwa: ponya moja, ndipo uite arobaini.