Bi Utando na Ukoo wa Bwana Uzi

Hapo zamani za kale, wazee walipokuwa bado hawajui kuwa mchanga nao una wenyeji wake, aliishi jangwani Bi Utando. Alikuwa mwani, si wa baharini bali wa kutanda juu ya mchanga, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Mvua ikinyesha, aliamka, akavuta hewa na kuigeuza rutuba. Nyasi zote za pale ziliishi kwa mkono wake.

Mwaka mmoja alikuwa hoi. Minyoo wa ukoo wa Bwana Uzi, ambao wewe usingewaona, lakini kwake wakubwa kama chatu, walikuwa wamezaana wakajaa nyumbani kwake.

"Tumekuja kula," alisema Bwana Uzi.

"Hata jana mlikula, baba. Nyasi zimeanza kuwa njano."

"Nyasi si ndugu zetu."

Nyaf, nyaf, nyaf, wakamtafuna.

Jirani yake, Utitiri, kijidudu cha miguu minane, alimkuta amejilaza.

"Shoga, utakwisha."

"Nimechoka hata kuogopa," alijibu Bi Utando.

Utitiri alijua jambo moja: mnyoo asiyejikunja na kulala mapema, ukame humkausha akafa. Basi akapanda juu, akakwaruza mchanga kwa miguu yote. Kra, kra, kra.

"Nini hicho?" aliuliza Bwana Uzi.

"Ardhi inapasuka. Jua limerudi, na wenzangu wanahama," alijibu Utitiri kutoka juu.

Kwa shibe waliyokuwa nayo, hakuna aliyejisumbua kupanda kuangalia. Wakajikunja kama pete, mmoja baada ya mwingine, wakalala fofofo. Huko juu manyunyu yalikuwa bado yanaanguka.

Utitiri akawaita dada zake, maana chakula chao ni minyoo.

"Tuwamalize?" alimwuliza Bi Utando.

"Waache wawili."

"Baada ya yote waliyokutenda?"

"Mwili wangu mkuukuu unanisonga, shoga. Nikikosa wa kunipunguza, sichipui. Kuliwa nimezoea. Kilichonishinda ni kuliwa na ukoo mzima."

Utitiri akatikisa kichwa, lakini wawili akawaacha. Wengine wote, Bwana Uzi akiwemo, waliliwa usingizini, hawakuamka tena.

Bi Utando akajinyoosha polepole, uchovu ungali mwilini, akarudi kazini. Siku chache baadaye nyasi zikaanza kurudisha ukijani.

Yangu yamekwisha, wanangu, nanyi shikeni hili: mlaji asiye na kiasi hula hata kesho yake.